Harusi Desemba, Jinja: nimpe nani kazi ya maua, na nichukue maua gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Jinja, Uganda. Harusi yake ni Jumamosi ya pili ya Desemba, misa kanisani halafu tafrija kwenye bustani kando ya Nile, meza ishirini. Ana kotesheni mbili mkononi. Ya kwanza ni ya mtu wa deko wa Kampala, ukurasa wake una picha kali sana, anataka milioni nne na nusu na kaandika mstari mmoja tu, "maua na deko". Ya pili ni ya mama mmoja hapohapo Jinja anayepamba kanisa, hana ukurasa wala nini, bei yake haifiki nusu ya hiyo, ila picha alizotuma ni za simu na nyingine hazionekani vizuri. Na dada mwenyewe moyo wake uko kwenye pioni, yale maua ya pinki mpauko yaliyojaa kama kabichi. Anauliza amchukue nani, na je, maua ya hapa kwetu yanaweza kutoa kitu cha maana au ajiandae kuagiza nje.

Mdogo wangu, hongera kwanza. Halafu hizo picha ziweke pembeni kidogo. Picha nzuri inaonyesha tu kwamba siku fulani saa nne asubuhi maua yalikuwa mazuri, na mara nyingine hata harusi yenyewe haikuwa ya huyo mtu, kaitoa Pinterest kabandika jina lake juu. Wewe wapigie wote wawili, waulize kitu kimoja: kila ua utakaloniwekea linatoka wapi, na linafika mkononi mwako siku gani saa ngapi? Halafu nyamaza usikilize. Anayeijua kazi hatasita, atakwambia mawaridi nachukua shamba la njia ya Entebbe Alhamisi asubuhi, yungiyungi zinashuka na basi la usiku kutoka Kabale, majani nakata kwa jirani Ijumaa jioni jua likishapoa. Mwingine atakwambia "usijali nyabo, tutapanga". Milioni nne na nusu kwa "tutapanga", banange!

Sasa hizo pioni. Hazimei kwetu, na si kwamba wakulima wamelala. Mmea wake lazima upigwe na baridi kali kwa miezi kadhaa ndipo utoe maua, na baridi ya namna hiyo sisi hatuna. Ulaya zinachanua mwezi wa tano na wa sita, zimekwisha. Ukizitaka Desemba ujue zinatoka kusini kabisa mwa dunia, Chile au New Zealand, zinapanda ndege moja mpaka nyingine mpaka Entebbe, na kila zinapotua bei inapanda na siku zake za kuishi zinapungua. Kwa hiyo kama huyo wa Kampala kakuahidi meza ishirini za pioni kwa hiyo hela, pamoja na vitambaa na usafiri, basi ama hazijui au ni za kitambaa. Za kitambaa si dhambi, ila uambiwe mapema, maana kuna watu wanachanganya maua ya bandia na freshi kwenye chombo kimoja halafu wanakuandikia bei ya freshi yote, na usiku chini ya taa hutambui.

Ila nikikuelewa vizuri, wewe hupendi jina la pioni, unapenda ule ujazo na ile rangi, na hivyo vyote viwili vinapatikana hapa. Chukua waridi lenye petali nyingi, uliache lifunguke mpaka mwisho kabla ya siku yenyewe, yaani likae ndoo ya maji mahali pa joto siku mbili, utaona linavyopanuka. Au chukua kaneshoni tano au sita za pinki mpauko, uzifunge kichwa kwa kichwa ziwe kama ua moja, kwenye picha ukisimama hatua tatu hakuna atakayejua. Kaneshoni watu wanaidharau eti ni ua la makaburini lakini ndiyo inayosimama kutwa nzima bila kulalamika, mimi naiheshimu sana.

Kuhusu msimu. Wengi wanaposema "maua ya msimu" wanawaza majira manne ya Wazungu. Sisi ikweta inakatiza pale Kayabwe, mchana wetu ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, Januari mpaka Desemba. Ndiyo maana krisanthemamu kwetu ipo wakati wote, yenyewe inasubiri usiku uwe mrefu ndipo ichanue, na usiku wetu unaitosha kila siku. Yale mashamba yanayosafirisha vipandikizi vyake Ulaya inabidi yawashe taa usiku kuudanganya mmea usitoe maua, ukipita usiku ukaona mwanga kwenye vibanda vya nailoni ujue ndiyo hayo. Msimu wetu basi ni mambo mawili tu, mvua na kalenda ya watu.

Mvua unazijua, za Machi mpaka Mei na zile za Septemba mpaka Novemba hivi zikijikokota kuingia Desemba. Kaskazini huko Gulu na Lira ni msimu mmoja mrefu, Aprili mpaka Oktoba, halafu ukavu, kwa hiyo harusi ya Februari Gulu majani mabichi utayatafuta kwa tochi. Wakati wa mvua majani yamenona, bei ya vitu vya bustanini inashuka, lakini mawaridi yanapata ukungu wa kijivu, unaanza na vidoadoa vya kahawia kwenye petali kama mtu kanyunyizia chai, leo vidogo kesho kutwa kichwa kizima kimeoza. Wakati wa kiangazi ugonjwa unapungua lakini vichwa vinakuwa vidogo, shina fupi, na ua linafunguka haraka kuliko ulivyotaka. Wiki yako ya Desemba mimi naipenda, mvua inakuwa inakatika, kila kitu bado ni kijani, na jua limeanza kurudi.

Kalenda ya watu ndiyo inayouma mfuko. Februari usithubutu kugusa mawaridi mekundu karibu na tarehe 14, mashamba yanakuwa yamepogoa wiki sita mpaka nane nyuma ili maua yaangukie hapohapo na karibu yote yanapanda ndege. Baada ya Pasaka kuna msongamano kwa sababu makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima na wote waliosubiri wanatoka siku moja. Na Desemba ni yenu, kila Jumamosi ina harusi, watu wa nje wamerudi, kwa hiyo tatizo lako haliwi maua kupatikana, linakuwa watu wa kuyafanyia kazi. Mfunge mtu wako sasa, usingoje Novemba.

Na kwa kuwa ni Desemba kabla ya Krismasi, utakuwa ndani ya Majilio. Kama ni Katoliki, utaratibu wa liturujia unataka altare ipambwe kwa kiasi kipindi hicho, na paroko mwingine ni mkali, mwingine anakuachia. Nenda umuulize kabla hujalipia maua ya kanisa, nimeona vyombo vikubwa vinaambiwa vikae nje mlangoni. Ukiwa hapohapo uliza pia kama siku hiyo kuna ndoa nyingine, mara nyingi zipo mbili au tatu, mkachangia maua ya kanisa. Nusu ya gharama inaondoka hivyo na hakuna mgeni atakayejua.

Turudi kwenye mawaridi, hapa ndipo hela nyingi inapotea. Waridi letu la Uganda, la mashamba ya kuzunguka ziwa, Entebbe na Mukono, mengi ni yale ya kichwa kidogo. Tuko kama mita 1,200 hivi juu ya bahari, kuna joto, ua linakua haraka halipati muda wa kunenepa. Yale yenye vichwa vikubwa na shina refu yanatoka kwenye baridi, kama Naivasha kule Kenya ambako wako karibu mita 1,900. Kwa meza, kidogo cha kwetu kinatosha kabisa, unaweka mengi pamoja yanajaa vizuri. Kwa shada lako la mkononi, kama unataka ule ujazo wa pioni, hapo nunua ya Kenya machache, ishirini au thelathini.

Sasa angalia ramani. Mzigo wa Kenya unaokuja kwa barabara unaingia Malaba au Busia, unapita Bugiri, Iganga, unafika Jinja, unavuka daraja, ndipo unaenda Kampala. Unapita mlangoni kwako! Halafu mtu wa Kampala anaununua Kampala anakurudishia kilomita 80 kwenda Jinja, pamoja na foleni ya Mukono, na wewe unalipa usafiri mara mbili kwa ua ambalo limezeeka siku nzima bure. Huyo mama wa Jinja muulize kama ana mtu wa kumshushia mzigo njiani. Akiwa naye ujue umepata mtu, na hakikisha tu mzigo una karatasi za ukaguzi wa mimea, usije ukakwama mpakani Ijumaa harusi kesho.

Kitu kingine watu hawakijui: maua ya shamba yanayouzwa hapa ndani mara nyingi ni yale yaliyokataliwa kwenda nje, shina limepinda, au ni fupi sentimita kumi kuliko walivyoagiza Uholanzi. Kichwa ni kilekile. Na wewe kwa meza utalikata shina libaki sentimita ishirini tu, sasa urefu wa nini? Mtu anayekuuzia waridi la sentimita sitini kwa ajili ya chombo kifupi cha mezani anakuuzia takataka ya kukanyaga. Angalia tu kichwa. Shika pale chini ya petali, panapokutana na kikonyo, binya polepole kwa vidole viwili. Pakiwa pagumu ua ni la jana au juzi. Pakibonyea, hilo limekaa sana, hata kama kwa macho ni zuri, kesho linainamisha shingo. Petali moja mbili za nje kuwa na ukijani au kovu si shida, zile ni za kulinda, zinang'olewa.

Nje ya mawaridi, Jinja una bahati. Joto na unyevu wa huko unafaa sana helikonia, ua la ndege, tangawizi za maua, anthuriamu, na haya yanavumilia joto la bustanini kuliko waridi lolote. Mtu wako akikwambia atayaweka kwenye friji usiku, mkatalie. Waridi linapenda baridi ya nyuzi mbili mpaka nne, lakini haya ya kitropiki yakishuka chini ya kama kumi yanaungua kwa baridi, yanageuka meusi, na utafikiri ni uzee kumbe ni friji. Mafunjo ya kinamasi pia, vile vichwa vyake vya nywele kwenye chombo kirefu, hivi karibu ni bure na kwenye picha vinaonekana vya hotelini. Migomba ya langoni hiyo najua wazee wataiweka hata usiposema, iache, inapendeza.

Ukitaka rangi ya njano au ya chungwa bila kufilisika, pandisha alizeti na zinia. Ongea na mtu mwenye robo eka anayemwagilia, alizeti inachukua kama siku 60 kutoka mbegu, basi apande wiki ya kwanza ya Oktoba, mstari mwingine wiki inayofuata, na mwingine tena, kwa sababu mvua na jua havisomi kadi yako ya mwaliko. Mbegu iwe ya maua, siyo ile ya mafuta ya Lira, ile inamwaga poda ya njano kwenye vitambaa. Kwa pinki mpauko unayoitaka alizeti haiingii lakini kwa kwanjula, ile siku ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mimi ningezijaza kwenye vikapu.

Usikate bogenvilea wala kifabakazi, ule mti wa maua mekundu ya moto, ukategemea. Ua likiwa juu ya mti linawaka, chomboni baada ya saa mbili tu limelala. Bogenvilea ikodishe ndani ya chungu, kwa wale wauza miche barabarani wengi wanakubali. Haibiskasi inachanua siku moja tu, lakini siku hiyo inakaa wazi hata bila maji, ukitaka moja la kuweka kwenye kila sahani lichunwe asubuhi hiyohiyo. Na mwambie mtu yeyote asikuletee maua ya oliyanda kwenye keki, yale ni sumu.

Kwa wenye nikaha wanaosoma hapa, asumini bado haijapata mpinzani. Ichunwe jioni ikiwa tumba, itungwe uzi, ifunikwe kitambaa kibichi kwenye jani la mgomba, itafunguka yenyewe usiku na harufu itakuwa chumba kizima.

Haya, mtu wenyewe. Mwambie aliyekuonyesha picha za asubuhi akuonyeshe za saa kumi na mbili jioni za harusi ileile. Asipokuwa nazo, omba uende ukaone anavyojiandaa kwa harusi ya mtu mwingine, Ijumaa. Huhitaji kuelewa urembo, wewe angalia ndoo. Ndoo iwe safi, maji yaonekane mpaka chini, ukiinusa isinuke. Majani yaliyo chini ya mstari wa maji yawe yameondolewa yote, jani likioza ndani ya maji bakteria wanaziba shina na ua linakufa kiu huku limesimama ndani ya maji. Shina likatwe mshazari kwa kisu au mkasi mkali, si kuvunjwa kwa mkono, na maua yaachwe yanywe saa kadhaa mahali pa baridi na giza kabla ya kupangwa. Ukikuta anapanga maua yaliyofika saa hiyohiyo kutoka kwenye boksi, hayo saa nane mchana yatakuaibisha.

Tazama pia anavyolowesha ile sponji ya kijani. Inawekwa juu ya maji na kuachwa izame yenyewe taratibu. Anayeikandamiza kwa mkono ili iwahi, nje inalowa ndani inabaki na hewa, na shina litakalochomekwa hapo katikati halipati maji. Nimewahi kupima mtu kwa hilo tu nikajua yote. Wengine siku hizi wanatumia waya wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo chenye maji, na hiyo ni nzuri zaidi, sponji yenyewe ni plastiki na haitumiki mara mbili.

Halafu ndizi! Ndizi mbivu inatoa gesi, haionekani, inaitwa ethilini, ndiyo inayoivisha matunda mengine, na kwa maua inaleta uzee. Kaneshoni inajikunja inasinzia, jipsofila, yale maua madogo meupe ya kujazia, inakauka, waridi linadondosha petali. Sasa fikiria gari limetoka Kampala na maua yako, dereva kasimama njiani Namawojjolo kula kuku, kanunua na mkungu wa bogoya, ndizi mbivu za kupeleka nyumbani, kauweka nyuma pamoja na maua, madirisha yamefungwa, jua kali. Mpaka Jinja kazi imeisha na kila mtu atalaumu shamba. Iandikwe kabisa: gari la maua halibebi matunda. Na stoo pia, usikubali maua yalale chumba kimoja na matunda ya wapishi.

Kotesheni ya mstari mmoja irudishe. Mwambie atenganishe maua, kazi, kukodi vyombo na vitambaa, usafiri. Tupige hesabu ya mfano, bei ni ya kukokotolea tu: meza 20 kwa mashina 12 ni 240, ongeza ya akiba 24, ni 264. Weka shada lako, ya wasichana, kanisa, gari, hata tufike mashina 500. Tuseme shina ni 1,500, ni shilingi 750,000. Basi kama maua ni hayo, ile milioni tatu na kitu nyingine ni nini? Inawezekana ni halali kabisa, vitambaa, taa, watu kumi wa kufanya kazi usiku, lakini uione. Na kamati yako ikianza kukata bajeti mkutanoni mtajua mnakata nini, maana nikiwajua wanakamati, wataanza na maua wamalizie na maua.

Mkikubaliana andikeni. Usiandike jina la ua pekee, andika rangi, idadi ya mashina na ukubwa wa kichwa, halafu useme ua lipi litachukua nafasi kama lile halikufika. Mtu asiporuhusiwa kubadilisha, Ijumaa usiku atabadilisha hivyohivyo bila kukuambia. Andikeni saa ya kufika bustanini, nani anaondoa vyombo usiku, na mvua ikinyesha meza zinahamia wapi. Wengi wanataka nusu ya kutanguliza, sawa, tuma kwa pesa ya simu ili rekodi ibaki, robo ibakishwe mpaka asubuhi ya harusi maua yakishaonekana kwa macho. Yungiyungi na lili nyinginezo zote zitolewe ile poda ya katikati kabla hazijafunguka vizuri, ikigusa gauni usifute kwa maji, igandue kwa selotepu. Rangi za kupulizia na waridi la bluu, kaa nalo mbali na gauni jeupe.

Jinja kuna jambo moja ambalo mtu wa Kampala anaweza asilifikirie, sami, wale wadudu wa ziwa. Wakitokea jioni wanafuata taa na wanatua kwenye kila kitu cheupe, keki, maua, gauni. Huwezi kuwazuia lakini unaweza kuweka taa za njano badala ya nyeupe kali, na zikae mbali na meza ya keki, na meza kuu iwe na maua ya rangi badala ya meupe matupu. Mama wa Jinja hilo analijua bila kuambiwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu, maua mpe mama, vitambaa na taa tafuta mtu mwingine hapohapo. Ninachokiogopa kwake ni mikono. Kupamba altare na kupamba meza ishirini asubuhi moja ni vitu viwili tofauti, muulize ana watu wangapi, wanaanza saa ngapi, na nani anabaki bustanini wakati yeye yuko kanisani. Akikwambia ni yeye na binti yake, mwambie aongeze watu na wewe uongeze hela kidogo, bado utakuwa chini sana ya ile milioni nne na nusu.

Na kabla ya kumpa nusu, mlipe afanye mfano mwezi wa kumi na moja, meza moja na shada moja, kwa maua yaleyale. Yaweke nje kivulini kuanzia saa tatu asubuhi, usiongeze maji, usiyaguse, uyatazame saa kumi na mbili jioni. Yakiwa bado yamesimama, mpe kazi.